Fleti ya Mjini au Nyumba ya Bwizibwera?



Nyumba ya kambini ni nyumba ya kazi. Siku askari anapovua magwanda, iwe ni kwa umri au kwa kumaliza mkataba wake, funguo hurudi kwa msimamizi wa makazi, na familia hutakiwa kumpisha mwingine. Kila afande analijua jambo hili tangu mafunzoni, lakini wengi hulikumbuka wakati kiinua mgongo kimekwisha kuingia benki na madalali wamekwisha kupata habari zake. Wako pia wanaoshika fedha mapema zaidi: akiba ya Wazalendo kwa upande wa jeshi, akiba ya Exodus kwa upande wa polisi, au posho za Somalia, ambako majeshi ya Uganda yaliingia mwezi wa Machi 2007. Fedha za namna hiyo aghalabu hupatikana mara moja tu katika maisha ya mtu, na kwa hiyo hapana budi kuutazama kwa makini uamuzi wa kuzitumia.

Kwa askari wa Makenke na kwa polisi wa Mbarara, uamuzi wenyewe siku hizi una njia mbili. Ya kwanza ni kununua fleti, yaani sehemu ya jengo la ghorofa yenye hati yake yenyewe. Ya pili ni kununua kiwanja, au kiwanja pamoja na nyumba iliyosimama peke yake, nje kidogo ya mji, kwa mfano Bwizibwera.

Zamani njia ya kwanza haikuwapo. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1964, lilijenga maghorofa Kampala, na watu wakaishi humo miaka mingi wakiwa wapangaji tu. Sheria ya ardhi ilimtambua mwenye ardhi, na vyote vilivyosimama juu ya ardhi hiyo vilikuwa vyake. Mtu wa orofa ya tatu, ambaye chini yake kuna mwenzake na juu yake kuna mwenzake, hakuwa na kipande cha ardhi cha kuandikiwa hati. Sheria ya Kondominio ya mwaka 2001 ndiyo iliyofungua mlango, na fleti za Bukoto, Bugolobi na Wandegeya zikaweza kumilikiwa moja moja. Jirani zetu nao wamepita njia hiyo hiyo: Tanzania Bara ilipitisha sheria yake mwaka 2008, Zanzibar mwaka 2010, na Kenya ikaifanya upya ya kwake mwaka 2020.

Basi, anunuaye fleti ananunua nini hasa? Yafaa jambo hili lieleweke vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Ananunua vitu viwili vilivyofungwa pamoja. Kwanza, ananunua vyumba vyake, kuta zake za ndani na mlango wake. Hivyo ni vyake peke yake na vina hati. Pili, ananunua fungu katika mali ya wote: ardhi iliyo chini ya jengo, paa, ngazi, mabomba makuu, ukuta wa nje, mahali pa kuegesha magari. Fungu hilo halitenganishwi na vyumba. Hawezi kuuza vyumba akabaki na fungu, wala hawezi kulikataa fungu akabaki na vyumba. Mara ramani ya jengo inapoandikishwa kwa msajili, wenye fleti wote huwa wanachama wa shirika moja la jengo, watake wasitake. Shirika hilo ndilo lenye wajibu wa kutunza mali ya wote na kuikatia jengo bima, na lina haki ya kumdai kila mwanachama mchango kwa kadiri ya fungu lake.

Hebu tuchukue mfano. Tuseme jengo lina fleti 12 zilizo sawa, na paa limeanza kuvuja. Fundi anataka shilingi milioni 24. Kila mwenye fleti anadaiwa milioni 2, pamoja na yule wa orofa ya chini ambaye hajaona hata tone la maji chumbani mwake. Wanne wasipolipa, ama wanane waliobaki watoe milioni 3 kila mmoja, ama paa liendelee kuvuja. Katika majengo mengi ya Afrika Mashariki paa limeendelea kuvuja. Kwa sababu hiyo anayekwenda kuitazama fleti asiishie kwenye jiko na rangi ya ukuta. Apande hadi juu kabisa, atazame paa na matangi. Kisha aombe kuona daftari la michango, ajue ni wangapi wanaolipa na katika mfuko kuna kiasi gani. Jengo lisilo na daftari la namna hiyo, kwa maoni yetu, halifai kununuliwa hata kama bei yake ni ya chini.

Kwa upande mwingine fleti ina sifa moja ambayo raia huenda asiione, bali askari huiona upesi. Askari hahudhurii nyumbani kwake. Leo yuko Mbarara, mwezi ujao yuko Karamoja, mwaka kesho yuko ng'ambo ya mpaka. Kiwanja kisicho na mtu, mwenyewe akiwa mbali miezi 12, huvutia watu: jirani husogeza ua hatua mbili, ndugu wa muuzaji huanza kulima maharage, na mwenyewe anaporudi hukuta migomba imekwisha kuzaa pale alipotazamia kuchimba msingi. Fleti hailimwi wala haisogezwi mpaka. Hufungwa kwa kufuli, au hupangishwa, na kodi ikaingia benki wakati mwenyewe yuko kazini. Askari kijana, ambaye bado ana miaka mingi ya kuhamishwa huku na huku na hana mtu mwaminifu wa kumwachia, asiidharau fleti.

Sasa tuitazame Bwizibwera. Mji huo mdogo uko katika Kashari, kwenye barabara ya Mbarara kwenda Ibanda, yapata kilomita 20 na ushei kutoka mjini. Mbarara ilipopandishwa kuwa jiji tarehe 1 Julai 2020, makao ya wilaya hayakuweza tena kubaki ndani ya jiji, na Bwizibwera ikawa ndiko yaelekezwako. Kila mahali ofisi za serikali zinapokwenda, bei ya viwanja hutangulia. Hata hivyo, fedha zinazonunua vyumba viwili vya ghorofani mjini bado huweza kumpatia mtu huko kiwanja, matofali ya kuchoma, na nafasi ya kupanda migomba nyuma ya nyumba. Mwenye mshahara wa askari huweza kujenga kidogo kidogo: mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta, mwaka wa tatu mabati. Fleti haitoi nafasi hiyo. Hununuliwa nzima, kwa fedha taslimu au kwa mkopo wenye riba.

Zaidi ya hayo, mstaafu ana mahitaji yasiyoingia ghorofani. Kuku, mbuzi wawili, kibanda cha biashara kando ya barabara, chumba cha nyuma cha kumpangisha mwalimu: hivyo vyote ni chakula cha mtu ambaye mshahara wake umekoma. Ndiyo maana twaona kwamba kwa askari aliyekaribia kustaafu, na ambaye mkewe au watoto wake wakubwa wanaweza kukaa pale tangu siku ya kwanza, nyumba ya peke yake Bwizibwera ina nguvu kuliko fleti. Gharama zake pia zijulikane: paa likivuja ni lake pekee, lindo ni lake, njia ya kufikisha umeme na maji ni juu yake. Na kwa kuwa ni eneo la mji, haruhusiwi kujenga tu apendavyo. Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya mwaka 2013 inataka kibali kabla ya jiwe la kwanza.

Hatari kubwa ya kiwanja imo katika karatasi. Katiba ya mwaka 1995 inataja namna nne za kumiliki ardhi katika Uganda: ya kimila, ya kudumu, ya mailo, na ya kukodi kwa muda. Mailo ni mambo ya Buganda hasa. Katika Ankole mnunuzi hukutana na zile tatu nyingine. Ardhi ya kimila inaweza kuwa halali kabisa bila hati, lakini hapo mnunuzi anategemea ushahidi wa majirani na wazee, na anapaswa kutembea mpakani pamoja nao na pamoja na mwenyekiti wa kijiji kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Ardhi ya kukodi yataka hesabu. Amri ya Ardhi ya mwaka 1975 iliifanya ardhi yote kuwa ya umma na kuzigeuza hati za kudumu kuwa za kukodi. Katiba ya 1995 ilibadili hali hiyo, lakini hati nyingi za kukodi za miaka ile na za baadaye zingali mikononi mwa watu. Hati ya miaka 49 iliyoanza mwaka 1980 inakwisha mwaka 2029. Muuzaji atasema kweli kwamba ana hati, na mnunuzi ataiona kwa macho yake, ina muhuri na picha ya ramani. Lakini alichonunua ni miaka michache na matumaini ya kuongezewa. Hesabu hiyo hiyo inaihusu fleti, maana ghorofa likisimama juu ya ardhi ya kukodi, hati za fleti zote haziwezi kuishi kuliko hati ya ardhi iliyo chini yake. Muulizeni muuzaji tarehe ya kuanza na idadi ya miaka.

Kuna na mtindo wa askari kumi kuchanga na kununua eka mbili tatu kwa pamoja, kisha kugawana. Si mtindo mbaya. Ubaya huja pale hati inapobaki moja, kwa jina la mmoja, na huyo mmoja akaiweka rehani. Malipo ya mwisho yasitolewe mpaka mpima ameweka mawe ya mipaka na kila mtu ameandikiwa hati yake. Kadhalika mabonde na majani yaliyo kando ya Mto Rwizi yana bei nafuu kwa sababu: Katiba inaziweka ardhi za namna hiyo mikononi mwa serikali kwa amana ya wananchi wote.

Kwa wale waliopangiwa kazi Nakivale, wilayani Isingiro, neno moja linatosha. Makazi yale yalianzishwa mwaka 1958 kwa wakimbizi, na ardhi yake ni ya serikali. Mkimbizi aliyepewa kiwanja amepewa haki ya kukaa na kulima. Hana haki ya kuuza, hata akiandika mkataba mbele ya mashahidi ishirini. Askari akinunua pale, amenunua karatasi.

Ama kuhusu wenzi wa ndoa, sheria ni kali kuliko wengi wanavyodhani. Ardhi ya familia, yaani ile wanayoishi au inayowalisha, haiuzwi wala haiwekwi rehani bila idhini ya mke au mume, na mauzo yaliyofanywa kwa siri huweza kubatilishwa. Mnunuzi asiridhike kuambiwa kwamba mama yuko kijijini. Aombe kumwona, na idhini iwe ya maandishi. Kwa askari mwenyewe, hati ikiandikwa kwa majina mawili katika umiliki wa pamoja, mmoja akifariki yule aliyebaki huwa mwenye mali yote. Hati hiyo inamkinga mjane wa askari asigombane na wakwe zake baada ya mazishi. Inawezekana kwa fleti na inawezekana kwa kiwanja, na gharama ya kuandika majina mawili ni ile ile ya kuandika moja.

Kabla ya kulipa, daftari la serikali lipekuliwe katika ofisi ya ardhi ya kanda iliyoko Mbarara. Mtu apeleke namba ya hati, alipe ada, apewe karatasi inayotaja jina la mwenye mali, rehani kama ipo, na zuio kama lipo. Jina la kwenye karatasi hiyo lisipofanana na la kitambulisho cha taifa cha muuzaji, fedha zirudi benki siku hiyo hiyo. Upekuzi ukifanywa mwezi wa Januari na malipo yakifanywa mwezi wa Aprili, upekuzi urudiwe asubuhi ya siku ya malipo, kwa sababu katika miezi mitatu zuio jipya huweza kuwekwa, na muuzaji hana haja ya kumwambia mtu.