Nani Ashike Kisu? Dini na Ujirani katika Nchi ya Wasukuma
Sehemu ya Tatu

Katika sehemu mbili zilizotangulia tulizungumzia mikutano mikubwa: Bunge la Dini za Dunia lililokutana Chicago mwaka 1893, na tamko la Nostra Aetate lililotolewa na Mtaguso wa Pili wa Vatikano mwaka 1965. Leo tushuke hadi Mkula, wilayani Busega, mkoa wa Simiyu. Maelewano ya dini hupimwa pale watu wanapokula, wanapouguzana na wanapozikana, na huko ndiko ninakotaka tuyatazame.

Dini ziliingia upande huu wa Ziwa Victoria kwa njia nyingi. Mvumbuzi Henry Morton Stanley alipofika Kageyi, pwani ya ziwa hilo, mwaka 1875, tayari Songoro, mfanyabiashara Mwislamu, alikuwa akiishi pale na kusafirisha bidhaa ziwani. Mapadre Weupe, wamisionari Wakatoliki, walifungua misheni Bukumbi mwaka 1883. Waanglikana wa Church Missionary Society (CMS) walifika Nassa, ndani ya Busega ya sasa, mwaka 1888, na mwaka 1909 wakawaachia kituo hicho African Inland Mission. Kutokana na misheni hiyo likazaliwa Kanisa la African Inland Church Tanzania (AICT), ambalo hospitali yake ipo Mkula. Wote hao waliwakuta Wasukuma wana imani yao: wakimtaja Mungu kwa jina la Liwelelo, wakiwatambikia masamva, yaani mizimu ya wahenga, na kumtazamia ntemi, mtawala wao wa jadi, awapatie mvua. Ndiyo sababu hapa si ajabu babu kuwa anatambika, mwanawe ni mzee wa kanisa na binti yake ameolewa na Mwislamu. Siku ya arusi wote hao watakula nyama ya ng'ombe mmoja.

Hapo ndipo panapozuka swali: nani ashike kisu?

Kwa miaka mingi mazoea yetu yalikuwa kwamba ng'ombe wa bucha, au wa shughuli ya watu wote, huchinjwa na Mwislamu. Mwishoni mwa 2012 na mwanzoni mwa 2013 baadhi ya Wakristo wa Kanda ya Ziwa waliyakataa mazoea hayo. Februari 2013, huko Buseresere mkoani Geita, ugomvi wa kuchinja ulifikia kuuawa kwa mchungaji. Watu walioishi jirani maisha yao yote walinyanyuliana mapanga.

Tuyasikilize madai ya kila upande kwa haki. Kwa Mwislamu, kuchinja kuna masharti ya dini: jina la Mungu litajwe na damu itoke. Katika Kurani, Sura ya al-Maida inaharamisha mzoga, damu na kilichochinjiwa asiyekuwa Mungu. Sura hiyo hiyo, katika aya ya 5, inahalalisha chakula cha Watu wa Kitabu, yaani Wayahudi na Wakristo, ingawa wanazuoni wanatofautiana juu ya masharti yake. Nao Wakristo waliopinga waliona kwamba kula nyama iliyosomewa kwa Kiislamu ni kushiriki ibada isiyo yao. Hofu hiyo ni ya zamani. Paulo aliijibu katika barua yake ya kwanza kwa Wakorintho, akiwaruhusu kula kilichouzwa sokoni bila kuulizauliza, lakini wajizuie pale ambapo kula kwao kungeitatiza dhamiri ya mwingine. Na mitume, katika Matendo sura ya 15, waliwakataza waamini wapya damu na nyama ya mnyama aliyenyongwa. Sheikh na mchungaji wakizifungua kurasa hizi pamoja, watashangaa jinsi hofu zao zinavyofanana.

Kwa maoni yangu, mazoea ya zamani yalikuwa na hekima: mwenye masharti mazito alipewa kisu ili wote wale pamoja. Kosa letu lilikuwa kutoyaeleza. Kijana wa Kikristo aliyakuta kama amri, hakuambiwa sababu wala kuombwa ridhaa, akayaona ni kudharauliwa. Kuna suala la riziki pia, kwa maana mchinjaji hulipwa, na jambo la mkate wa mtu tusilifunike kwa aya.

Katika mabishano yale yote mtambikaji wa Kisukuma hakuulizwa neno, ingawa naye huchinja kwa maneno ya heshima kwa wahenga wake. Kamati zetu za amani huwa na masheikh na maaskofu. Yeye hana kiti. Baada ya sensa ya 1967, sensa zetu haziulizi dini, hivyo hata idadi ya walio kama yeye hatuijui. Padre David Clement alionyesha njia nyingine pale Bujora, karibu na Mwanza, alipoziingiza alama za watemi ndani ya kanisa na kuwakaribisha Bagika na Bagalu, vyama viwili vya wachezaji ngoma wa Kisukuma, wacheze ngoma zao katika sikukuu ya bulabo. Naamini kamati ya amani ya Simiyu isiyo na mzee wa jadi haijakamilika, na nawaomba masheikh na maaskofu wawe wa kwanza kumwita.

Wiki ijayo tutaingia katika jambo zito kuliko nyama: marehemu aliyebadili dini, na ndugu wanaogombea namna ya kumzika.