Mstroberi-mwitu wa Virginia

Mstroberi-mwitu wa Virginia (Fragaria virginiana) ni mmea mdogo wa kudumu wa familia Rosaceae. Asili yake ni Amerika ya Kaskazini, ambako huota katika sehemu kubwa ya Kanada na Marekani, hasa kwenye mbuga za nyasi na kingo za misitu. Siku hizi hupandwa pia bustanini ili kufunika ardhi mahali pa nyasi za kukatwa.

Kimo chake ni sentimita 15 hivi. Kila jani lina vijani vitatu vyenye meno ukingoni, na maua ni meupe yenye petali tano. Huenea kwa marando, kama kiazi kitamu: rando jembamba hutambaa juu ya udongo, hutoa mizizi na kuwa mche mpya. Miche ikipandwa sentimita 30 hivi mmoja kutoka mwingine, marando huziba nafasi iliyobaki. Hutaka jua au kivuli chepesi, na udongo usiotuamisha maji. Mpaka yashikane, magugu hayana budi kung'olewa, kwa kuwa mmea mfupi hivi hufunikwa upesi na nyasi ndefu.

Anayetaka matunda lazima aangalie jinsia. Baadhi ya mimea ya spishi hii ni ya kike, mingine ya kiume, na mingine ina maua ya jinsia zote mbili. Kwa kuwa mche wa rando ni nakala ya mama yake, tuta zima lililotokana na mmea mmoja wa kiume litachanua kila mwaka bila kuzaa. Ni afadhali kuanza na miche ya vyanzo mbalimbali. Matunda ni madogo, kipenyo cha sentimita moja hivi, ila ni matamu na ndege huyawahi.

Suala hilohilo la jinsia lilichangia kuzaliwa kwa stroberi ya sokoni. Mwaka 1714 Amédée-François Frézier alileta Ufaransa mistroberi ya Chile (Fragaria chiloensis), nayo ilikuwa ya kike. Ilizaa vizuri ilipopandwa karibu na ile ya Virginia, na mbegu zake zikatoa chotara Fragaria × ananassa. Antoine Nicolas Duchesne alieleza asili ya chotara huyo mwaka 1766.

Mmea huu huchanganywa mara nyingi na Potentilla indica, mgeni kutoka Asia anayetambaa vilevile na kuzaa matunda mekundu yasiyo na ladha. Maua ya Potentilla indica ni ya njano.