Kabla Hujanunua Maikrofoni

Labda nyumbani kwako yuko mzee ambaye hupendi sauti yake ipotee. Labda binti yako anaimba vizuri, nawe wataka shangazi yake aliye mbali ausikie wimbo wake. Au kijana wako anapenda kusoma hadithi kwa sauti, naye amekuomba umnunulie maikrofoni. Zamani kazi ya kunasa sauti ilitaka studio na mafundi. Siku hizi yaweza kufanyika chumbani kwa kompyuta ndogo, au hata kwa simu ya mkononi. Lakini ukiingia dukani utakuta maikrofoni za kila namna, za bei ya kuku na za bei ya ng'ombe, na mwuzaji atakuambia kwamba zote ni nzuri. Je, uchukue ipi?

Neno moja kwanza. Kwetu watu huita vitu viwili kwa jina moja. Chombo cha kusemea huitwa kipaza sauti, na lile sanduku kubwa litoalo kishindo arusini nalo huitwa kipaza sauti. Hapa nitasema maikrofoni, maana yake kile chombo cha kusemea, tusije tukachanganyikiwa.

Na nianze na kosa langu mwenyewe. Bibi yetu, mama yake baba, ndiye aliyejua habari zote za ukoo: nani alitoka wapi, nani alimwoa nani, na kwa nini tulihama. Nikasema nitamnasa. Nikaenda dukani nikanunua maikrofoni ya kupendeza macho, nyeusi, nene, ya namna iitwayo kondensa. Mwuzaji aliniambia kwamba ndiyo watumiayo waimbaji studio, wala hakusema uongo. Nikaisimamisha juu ya meza sebuleni, bibi akakaa katika kiti chake, mbali nayo kama mita moja na nusu. Nikamwambia, "Haya bibi, tunakusikiliza." Akasema kwa muda wa dakika 40.

Jioni nilipoweka hedifoni masikioni, kitu cha kwanza nilichosikia ni friji. Kisha jogoo wa jirani. Kisha pikipiki, na mtu akitwanga uani. Bibi naye alikuwamo, lakini mbali, kana kwamba anasema kutoka ndani ya mtungi. Nikajiambia, si kitu, nitamnasa tena baada ya mavuno. Mavuno yalipokuja, bibi hakuwapo tena. Tunazo dakika 40 hizo, nasi huzisikiliza kwa kukaza masikio. Yamo majina matatu ya mababu ambayo hata leo hakuna awezaye kuyatambua.

Maikrofoni haikuwa na kosa. Ilifanya kazi yake, nayo ni kusikia kila kitu. Mimi ndiye sikujua namna zake, wala sikukitazama chumba.

Namna mbili

Maikrofoni utakazokuta madukani karibu zote ni za namna mbili. Ya kwanza huitwa dainamiki. Ndani yake kuna kiwambo chembamba, kama ngozi ya ngoma, na nyuma ya kiwambo umefungwa waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi, nao umekaa katikati ya sumaku. Sauti ikikipiga kiwambo, waya hutikisika ndani ya sumaku, na umeme kidogo sana hutokea. Basi, ndiyo kazi yote. Haitaki betri wala umeme wa kuilisha. Yavumilia joto, vumbi, na hata kuangushwa na watoto. Lakini kwa kuwa kiwambo hicho kina mzigo wa waya, sauti ndogo na za mbali hazikitikisi sana. Hapana budi kuisogelea. Maikrofoni ijulikanayo kuliko zote duniani, ile yenye kichwa cha mviringo kama mpira, Shure SM58, ni ya namna hii. Ilitoka mwaka 1966 huko Marekani, na mpaka leo yauzwa.

Ya pili ndiyo kondensa. Hii haina waya wala sumaku. Ina kiwambo chepesi mno kilichowekwa karibu sana na bamba jingine, na kati yao umewekwa umeme. Kiwambo kikitikisika, umeme ule hubadilika. Kwa wepesi wake hushika kila kitu: pumzi, midomo ikifunguka, karatasi ikigeuzwa. Katika chumba kimya, kwa mwimbaji au mpiga gitaa, ni nzuri kwelikweli. Lakini yataka kulishwa umeme, na zile kubwa za studio hutaka volti 48 zipitazo katika waya wake wenyewe. Wengi wameinunua, wakaichomeka katika simu, wakaiona bubu, wakadhani wameuziwa mbovu.

Iko kondensa ndogo iliyorahisishwa. Mwaka 1962 Gerhard Sessler na James West, wakifanya kazi katika maabara ya Bell huko Marekani, walibuni kiwambo kinachoshika umeme ndani yake kwa muda mrefu. Kutokana na kazi yao tumepata maikrofoni ndogo kama punje ya harage, zile za kubana kwenye ukosi wa shati, kwa bei ya mtu wa kawaida.

Hesabu bei yote

Hapa ndipo wanaoanza huumia. Wanatazama bei ya maikrofoni peke yake. Maikrofoni yenye mdomo wa pini tatu haiingii katika kompyuta wala simu. Yataka waya wake, mguu wa kuishikia, na kisanduku cha kuiunganisha na kompyuta, nacho mara nyingi hupita maikrofoni yenyewe kwa bei. Kwa mfano, Behringer XM8500 ni dainamiki nzuri kwa mtu anayeanza, na huko Marekani huuzwa kwa dola 20 au 30 hivi, wakati SM58 ni kama dola 100. Ukiitazama hiyo peke yake utafurahi. Ukiongeza kisanduku, waya na mguu, furaha yapungua. Mtu asiye na mpango wa kununua vyombo zaidi baadaye, afadhali atafute dainamiki yenye USB, ichomekwayo moja kwa moja katika kompyuta. Samson Q2U ina milango yote miwili, wa USB na wa pini tatu, hata ukija kununua kisanduku siku nyingine hutaitupa.

Na kama fedha ni kidogo kabisa? Basi usinunue kitu wiki hii. Chukua simu uliyo nayo, izuie isipokee miito, iweke kiasi cha shubiri moja kutoka kinywani, katika chumba kizuri, kisha sikiliza. Wengi hustaajabu. Ukiona yafaa lakini wataka zaidi, nunua maikrofoni ya kubana. BOYA BY-M1 inajulikana sana: ina waya wa mita 6, na betri ndogo ya duara ya namna LR44. Kwa mzee aketiye akisimulia, sioni iliyo bora kuliko hiyo. Huibana kifuani chini kidogo ya kidevu, na baada ya dakika tano amekwisha kuisahau, anasema kama alivyozoea. Husikia pande zote, ni kweli, lakini kwa kuwa iko karibu na kinywa, sauti yake hushinda. Tazama tu kwamba simu yako ina tundu la mviringo la kuichomeka. Simu nyingi mpya hazina, na utahitaji kiungo cha kati.

Kondensa kubwa, kama Audio-Technica AT2020 ambayo watu wengi huanza nayo, mwachie mwenye chumba kimya. Chumba chenyewe nakijia sasa hivi.

Kwanza jihadhari na bandia. SM58 za bandia zimejaa masokoni, na sanduku lake limepigwa chapa vizuri kuliko la kweli. Ile ya kweli ina uzito wa karibu gramu 300. Ukiambiwa bei ni robo ya bei ya kawaida, uliza kwa nini. Mimi naona ni heri dainamiki ya kweli ya bei ndogo kuliko jina kubwa la uongo.

Chumba

Simama katikati ya chumba chako upige kofi moja kwa nguvu. Ukisikia mlio unaorudi, kama wa ndani ya tangi, hicho ndicho kitakachosikika nyuma ya kila neno. Kuta tupu za saruji, sakafu ya vigae na madirisha ya vioo hurudisha sauti. Vitu laini huimeza. Kwa hiyo sebule nzuri ya wageni mara nyingi ni mahali pabaya, na chumba cha kulala chenye kitanda, godoro, mapazia mazito na nguo zilizotundikwa ni mahali pazuri. Simamisha godoro la ziada ukutani nyuma ya msemaji, au tundika blanketi mbili nzito pande mbili. Hayo hayana gharama, nayo yatakusaidia kuliko kuongeza fedha juu ya maikrofoni.

Kisha nyamaza dakika moja usikilize. Zima feni. Chomoa friji, na uweke funguo zako ndani yake usije ukasahau kuichomeka tena. Chagua saa. Kwetu saa nzuri ni baada ya chakula cha mchana, watoto wakiwa shuleni na majogoo yamechoka. Na kama paa ni la bati, usipange kazi hii wakati wa masika.

Kukaa kwake

Umbali ni jambo kubwa. Ukiongeza umbali kati ya kinywa na maikrofoni mara mbili, sauti ya msemaji hupungua nguvu nusu, lakini friji na mwangwi wa chumba havipungui. Kwa dainamiki kaa kwa upana wa kiganja kimoja, kiasi cha sentimita 10. Ukikaribia zaidi sauti huwa nzito kama ya mtangazaji, wengine hupenda. Usiisemee moja kwa moja, igeuze kidogo kando, ili pumzi ya herufi P na B isiipige kama upepo. Waweza pia kukunja waya wa kutundikia nguo uwe duara, ukavutia juu yake soksi ndefu ya nailoni, ukaiweka mbele ya maikrofoni. Inafanya kazi sawasawa na ile ya dukani.

Jua pia maikrofoni yako husikia upande gani. Ile yenye kichwa cha mpira husemewa kichwani. Kondensa nyingi kubwa husemewa ubavuni, upande wenye alama ya kiwanda. Nimeona mtu akiimba wimbo mzima juu ya utosi wake.

Programu ya Audacity hupatikana bure kwa kompyuta. Jaribu kwanza kwa nusu dakika, ukitazama kipimo cha sauti. Acha vilele vifike kiasi cha -12, visiguse sifuri, maana sauti iliyogusa sifuri imekatwa kichwa na haiponi. Weka hedifoni masikioni usikilize jaribio hilo kabla mzee hajaanza. Mimi sikufanya hivyo, na nimekwisha kukuambia yaliyonipata. Hifadhi kwa namna ya WAV, si ile iliyobanwa, na usiku huohuo unakili faili mahali pawili.

Mwaka uliofuata tulimnasa baba mdogo, mtoto wa mwisho wa bibi. Tulimketisha kitandani chumbani kwake, maikrofoni ya kubana kifuani, godoro nyuma yake, simu juu ya kigoda. Jogoo yumo, lakini ni wa mbali, huwezi kumsikia mpaka baba mdogo anyamaze. Tulimwuliza pia yale majina matatu. Mawili aliyajua.