Klachi Isiyoachia: Lawama Inayotwikwa Disiki Mpya

Lubumbashi, mji uliozaliwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, haujapata kuvionea huruma vyombo vya moto. Gari linalotoka Kasumbalesa, mpakani, likiwa limesheheni unga, au linaloshika njia ya Likasi, masafa ya kilomita takriban 120, hutwishwa kazi ambayo waliolitengeneza huko Japani hawakuikadiria, na kiungo kinachotangulia kulalamika aghalabu ni klachi, yaani ile ambreyaji ya mafundi wa mjini humo. Basi mwenye gari, akichoka na klachi inayoteleza mlimani, huagiza disiki ya nguvu iliyokusudiwa magari ya mashindano, ambayo badala ya bitana ya kawaida ina vipande vya unga wa madini uliogandamizwa na kuchomwa, na sehemu kubwa ya unga huo ni shaba. Huenda baadhi ya mali ya Katanga, eneo la mji huo, hurejea Katanga ndani ya boksi la duka la vipuri, kwa bei nyingine.

Gari hutoka gereji likivuta kuliko siku zote, ila gia ya nyuma haiingii pasipo mkwaruzo wa kutia ganzi meno, na kwenye foleni chombo hujisogeza chenyewe ilhali mguu umeikandamiza pedali hadi sakafuni. Ila ya kuteleza imeondoka, na badala yake imekuja ya kutoachia.

Lawama huangukia disiki, na fundi mwenye pupa huanza papo hapo kulegeza bolti za giaboksi. Mimi naiona haraka hiyo kuwa hasara tupu, maadamu yapo majaribio yasiyohitaji hata spana moja. Injini izimwe, kisha gia zijaribiwe: zikiwa nzito hata hapo, maradhi yamo katika giaboksi au fimbo zake. Zikiingia kwa wepesi, injini iwashwe, pedali ikandamizwe, na mtu ahesabu taratibu hadi kumi kabla ya kutia gia ya nyuma. Mkwaruzo ukitoweka kwa kungoja, disiki imeachiwa, lakini uzito wake huendelea kuizungusha kwa muda, jambo lisilo geni kwa disiki nzito. Usipotoweka, ingali imebanwa mahali. Halafu pedali ipigwe upesi mara kadhaa: gia ikilainika baada ya hapo, ni dhahiri kuwa hewa imeingia katika mafuta ya klachi, au mpira wa silinda kuu umechakaa.

Msomaji atauliza kwa nini silinda iliyokuwa ikifanya kazi jana ifedheheke leo. Jibu ni kwamba disiki ya namna hii hufungwa pamoja na presha, lile bamba linaloibana disiki, yenye springi kali zaidi, na nguvu ya mguu, badala ya kufika yote kwenye uma wa klachi, huishia kutanua bomba la mpira lililozeeka na kupinda vyuma vilivyolegea. Fauka ya hayo, disiki ikiwa nene kuliko ile ya asili, vidole vya presha huinamia upande wa injini na kujitenga na beringi ya kuachia, hata sehemu ya mwendo wa pedali ikapotea bure kabla beringi haijavigusa. Ndiyo maana mwendo wa fimbo ya silinda ndogo hauna budi kupimwa kwa rula, mtu mmoja akikanyaga na mwenziwe akisoma chini ya gari, na ulinganishwe na kipimo cha kitabu cha gari hilo.

Mwendo ukiwa kamili na mkwaruzo ungali pale pale, giaboksi na ishuke. Huenda disiki imefungwa kinyume, kitovu chake kikasugua flaiwili. Huenda beringi ndogo iliyo katikati ya flaiwili imekwama, ikauzungusha mhimili wa giaboksi pamoja na injini. Huenda meno ya kitovu yamebana juu ya mhimili huo, ilhali yalipaswa kuteleza bila kusukumwa kwa nguvu. Lakini kosa ninaloliona limeenea kupita yote ni la siku ya kufunga: giaboksi huachwa ining'inie kwa uzito wake wote juu ya kitovu cha disiki wakati fundi akitafuta bolti, na disiki ikapinda. Disiki ya kawaida, yenye mabati ya springi baina ya bitana zake mbili, husamehe upotofu kidogo. Hii ya mashindano, kwa kuwa aghalabu haina mabati hayo, haisamehi. Vitabu vingi vya mafundi wa Toyota huweka milimita 0.8 kuwa ukomo wa kuyumba kwa disiki, na inayozidi hapo haifungwi tena.

Na teksi-basi inayosimama na kuondoka kila kituo kutwa nzima haikuihitaji disiki hiyo tangu mwanzo; presha mpya na bitana ya kawaida, pamoja na shehena iliyopunguzwa, vingeitosha.