Roboti inayochora na kidole mchangani

Roboti ya kuchora ni mashine ndogo yenye magurudumu na kalamu. Haijui uzuri, inafuata tu maagizo: nenda mbele, geuka, inua kalamu. Karibu mwaka 1970 Seymour Papert, mzaliwa wa Pretoria, alianza kufundisha watoto wa Marekani kwa mashine ya namna hiyo, wakaiita kobe.

Kijana wa Kamina anayedhani hayo ni mambo ya Wazungu awatazame majirani zetu Wachokwe, walioko Angola, Zambia na upande wa Dilolo. Mchoraji wa sona hupiga kwanza nukta mchangani, kisha kidole huzizunguka bila kuinuliwa mpaka kirudi kilipoanzia. Katika michoro inayofanana na mkeka uliosukwa, safu 3 zenye nukta 4 kila moja zinatosheka na mstari mmoja. Safu 4 za nukta 6 zinadai mistari miwili, kwa kuwa 2 ndiyo namba kubwa inayogawa zote mbili. Paulus Gerdes, mwanahisabati wa Msumbiji, aliandika vitabu juu ya hesabu hiyo.

Ukiiandikia roboti kanuni hiyo, itachora bila kukosea. Lakini mzee alichora akisimulia, na wavulana jandoni walisikiliza. Roboti inanyamaza, na wazee hao wanapungua. Basi, kabla ya kutafuta mashine, kijana amwendee mzee na daftari.

Umeme ukikosekana, uwanja wa kanisa unatosha: mmoja asome maagizo, mwenzake awe roboti, atembee. Waanze na 3 kwa 4.