Ukiifuta Programu, Nini Hubaki?

Wiki hii nataka tuzungumzie swali ninaloulizwa mara kwa mara: mtu akishaifuta programu kwenye simu yake, je, kweli imekwenda? Jibu langu ni ndiyo, na pia hapana.

Simu nyingi tulizo nazo huendeshwa na mfumo uitwao Android. Humo kila programu hupewa chumba chake cha kuwekea kumbukumbu, na programu nyingine hairuhusiwi kuingia. Nyuma ya pazia yuko mtumishi asiyeonekana, jina lake installd, ambaye kazi yake ni kuvijenga vyumba hivyo na kuvibomoa. Unapoiondoa programu, yeye ndiye anayekifuta chumba kizima.

Lakini mtumishi huyo ana mipaka. Picha na nyaraka zilizowekwa ukumbini, yaani sehemu ya pamoja, kwa kawaida haziondoi, maana huhesabiwa kuwa mali yako. Hizo utazifuta mwenyewe. La pili, na ndilo zito, mkono wake haufiki nje ya simu. Habari ambazo programu imekwisha kuzituma kwenye kompyuta za kampuni hubaki huko huko.

Hapo ndipo watu walipoumia. Nchini Kenya, baadhi ya programu za mikopo zilikuwa zikiomba ruhusa ya kusoma majina na namba zote zilizomo simuni. Mkopaji akichelewa kulipa, jamaa zake na hata mkubwa wake kazini walipigiwa simu, mtu akaaibishwa. Kuifuta programu wakati huo hakukusaidia kitu. Orodha ilikuwa imeshaondoka. Mwaka 2022 Benki Kuu ya Kenya ilitoa kanuni za kupiga marufuku mtindo huo.

Kwa hiyo ndugu zangu, kabla ya kuiondoa programu, fungeni kwanza akaunti iliyomo ndani yake. Kisha mwandikieni mwenye programu azifute habari zenu. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa za watu tangu 2019, na Tanzania ilitunga yake mwaka 2022. Deni, bila shaka, halifutiki kwa kidole, hilo lilipwe.

Na siku ya kuiweka programu, someni inaomba ruhusa gani. Kama ya kukopesha inataka majina ya jamaa zenu, ikataeni. Maji yakimwagika hayazoleki.