Sindano Kwanza, Mengine Baadaye

Mashine nyingi za kupigia santuri zinazouzwa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam ni za mtumba, zimetoka Uingereza, Ujerumani, Japani au Ghuba pamoja na friji na spika kuukuu. Muuzaji huifuta vumbi, huichomeka kwenye umeme, na sahani ikianza kuzunguka anakuambia nzima. Sahani kuzunguka ni dalili njema, lakini haikuambii kama inazunguka kwa mwendo wake, wala kama sindano iliyo mbele ya mkono itasoma santuri zako au itazikwangua.

Kabla ya kuuliza jina la kampuni, igeuze mashine utafute kibandiko kinachotaja volti na hezi. Umeme wa Kenya ni volti 240 na wa Tanzania 230, kote hezi 50. Marekani ni volti 120, hezi 60. Japani ni volti 100, tena nchi yenyewe imegawanyika: upande wa Tokyo ni hezi 50, upande wa Osaka ni 60. Habari ya volti watu wanaijua, kwa kuwa ukikosea unaona moshi, na transfoma ya kushusha umeme inamaliza tatizo. Lakini transfoma haigusi hezi. Mota za mashine nyingi za miaka ya 1960 na 1970 hufuata mapigo ya umeme wenyewe, kwa hiyo mashine iliyoundwa kwa hezi 60 ikiletwa kwetu hupoteza sehemu moja ya sita ya mwendo. Badala ya mizunguko 33⅓ kwa dakika unapata kama 27.8. Wimbo unashuka kwa zaidi ya nusutoni tatu, mwimbaji wa kike anasikika kama mzee aliyeamshwa usingizini, na fundi anabadilisha mkanda ambao haukuwa na kosa lolote.

Dawa ni puli, kile kigurudumu kidogo kilicho kwenye ekseli ya mota. Kampuni kama Dual ya Ujerumani na Garrard ya Uingereza zilitengeneza puli za aina mbili, ya hezi 50 ikiwa nene kidogo kuliko ya 60, na bado zinapatikana kwa wauzaji wa vipuri. Mashine ambazo mota yake iko chini ya sahani moja kwa moja na mwendo wake unashikwa na kristali ya kwazi, kama Technics SL-1200MK2 ya mwaka 1979 wanayoililia madijei, hazina habari na hezi. Hizo angalia volti tu.

Mwendo unaupima bila kununua chombo. Chapisha duara la karatasi lenye mistari 180 pembezoni, liweke juu ya sahani, ulimulike kwa balbu ya zamani ya waya. Kwenye umeme wa hezi 50 balbu hiyo humemeta mara 100 kwa sekunde, yaani mara 6,000 kwa dakika. Gawanya kwa 180 upate 33⅓. Mistari ikionekana imesimama, mwendo ni sahihi. Ikitambaa kufuata upande sahani inakozunguka, mashine inakimbia. Ikirudi nyuma, inachelewa. Taa za LED nyingi hazifai kwa kazi hii kwa sababu hazimemeti vya kutosha.

Mashine ikichelewa, sababu kwa kawaida ni za uzee tu. Mkanda wa mpira umelegea au umeyeyuka ukawa kama lami. Futa mabaki yake kwa spiriti, weka mpya wa kipimo kile kile. Kama mashine yako husukumwa na gurudumu la mpira badala ya mkanda, gurudumu huwa limekauka na kuteleza. Grisi ya mitambo ya kuinua na kurudisha mkono huganda baada ya miaka mingi, na hapo ndipo watu huvunja vitu, kwa kuusukuma mkono uliokataa kwenda. Ukikataa, uache. Fungua chini, ondoa grisi kuukuu, paka mpya kidogo. Tone moja au mawili ya mafuta ya cherehani kwenye ekseli ya sahani yanatosha kwa mashine nyingi.

Sasa sindano, na hapa nina msimamo mkali: shilingi ya kwanza utakayotumia baada ya kununua mashine iende kwenye sindano. Isiende kwenye waya zenye dhahabu wala kwenye kitambaa kipya cha sahani. Ncha ya sindano ni almasi ndogo isiyoonekana vizuri kwa macho, na watengenezaji wengi huikadiria saa 500 hadi 1,000 za kupiga. Iliyokuja na mashine ya mtumba hujui imepiga saa ngapi. Ikishachakaa hupata kingo kali zinazochonga kuta za mfereji wa santuri, na mfereji ukishachongwa haurudi. Ukisikia kelele ya kukwaruza kwenye sauti kali, hasa za “s” na za matoazi, tayari kuna kitu kinaliwa. Santuri ndogo zilizouzwa River Road, Nairobi, miaka ya 1970, za bendi za Kikamba, Kijaluo au rumba ya wanamuziki wa Kongo waliohamia Nairobi, nyingi hazijawahi kutolewa tena. Ukiiharibu ya kwako, hakuna mahali pa kwenda kununua nyingine mpya.

Katriji ni kile kichwa kidogo mbele ya mkono kinachobeba sindano. Nyingi za sumaku huruhusu kuvuta sindano kuukuu na kuchomeka mpya bila bisibisi. Kama katriji yenyewe ni mbovu, mpya ya bei ya wastani inatosha kabisa: AT-VM95E ya Audio-Technica au 2M Red ya Ortofon zitakupa sauti ambayo mwenye mashine wa kwanza pengine hakuwahi kuisikia. Jihadhari na katriji za kristali za mashine ndogo za sandukuni. Ndani yake mlikuwa na kipande cha chumvi ya Rochelle, ambayo haivumilii unyevu wala joto kali. Ukiikuta Tanga au Lamu, usishangae ikiwa bubu. Za seramiki, zilizochukua nafasi yake, huvumilia hali ya hewa yetu vizuri zaidi.

Kila katriji ina uzito wake wa kukanyaga santuri. AT-VM95E hutaka gramu 2, 2M Red gramu 1.8, AT3600L ya kwenye mashine za bei nafuu gramu 3.5. Kupanga uzito huo ni kazi ya dakika chache. Weka kizuia mvuto, kile kinachouzuia mkono kuvutwa kuelekea katikati ya santuri, kwenye sifuri, zungusha uzito wa nyuma mpaka mkono uelee wenyewe bila kupanda wala kushuka, rudisha pete ya namba kwenye sifuri, kisha zungusha uzito wote mpaka namba unayoitaka. Usiziamini sana namba za mashine yenye umri wa miaka 40. Mizani ndogo ya dijitali, ya aina wanayotumia masonara, itakuambia ukweli kwa bei ya chakula cha mchana cha watu wawili.

Kuna desturi ya kubandika sarafu juu ya kichwa cha mkono ili sindano isiruke. Naichukia. Sarafu huongeza gramu kadhaa kwa mkupuo, na kinachorusha sindano mara nyingi ni uchafu, mkono uliokauka, au uzito mdogo mno. Wengi hudhani kukanyaga kidogo ndiko kuilinda santuri. Sindano nyepesi kupita kiasi hudundadunda ndani ya mfereji na kupigapiga kuta zake. Kaa katikati ya kipimo cha mtengenezaji, au juu ya katikati hiyo kidogo.

Pembe nayo ina kazi yake. Santuri ilikatwa na mashine iliyokwenda kwa mstari ulionyooka kuelekea katikati, wakati mkono wako huzunguka kwenye egemeo lake, kwa hiyo katriji hukaa sawasawa na mfereji mahali pawili tu. Kwa kanuni ya Baerwald inayotumika sana, mahali hapo ni milimita 66 na 120.9 kutoka katikati ya santuri. Chapisha karatasi ya kupimia bila kupunguza ukubwa, hakiki kwa rula kwamba printa haikukudanganya, kisha legeza skrubu mbili za katriji uisogeze mpaka ikae sambamba na mistari kwenye alama zote mbili. Utajua umepatia ukisikiliza wimbo wa mwisho wa upande. Pembeni mwa santuri ya inchi 12 sindano hupitia karibu nusu mita ya mfereji kwa sekunde. Karibu na lebo ni kama sentimita 21 tu, na muziki ule ule umebanwa humo. Kosa la pembe husikika huko kwanza.

Kizuia mvuto kiweke sawa na uzito wa kukanyaga, kisha sikiliza. Msuguano huuvuta mkono kuelekea katikati, sindano ikaegemea ukuta wa ndani ambao hubeba spika ya kushoto. Spika ya kulia ikikwaruza kabla ya ya kushoto, ongeza kidogo. Mashine yenyewe iwe imesimama sawa kwa pima maji, juu ya meza nzito au rafu ya ukutani, na kamwe isiwe juu ya boksi la spika, maana mtetemo wa besi utairudia sindano na nyumba nzima itaunguruma.

Wengi hukata tamaa wakati wa kuunganisha. Katriji ya sumaku hutoa milivolti 3 hadi 5 tu, na santuri za tangu katikati ya miaka ya 1950 zimekatwa kwa kanuni ya RIAA ya 1954: besi za chini kabisa zimepunguzwa kama desibeli 20 na sauti za juu kabisa zimeongezwa kwa kiasi hicho hicho, ili mfereji uwe mwembamba na kelele ipungue. Lazima kuwe na kitu cha kugeuza hayo yote, ama tundu lenye maandishi PHONO kwenye amplifaya ya zamani, ama kisanduku kidogo cha kuongezea. Ukichomeka kwenye AUX utasikia muziki mwembamba wa mbali na kudhani mashine imekufa. Katriji ya seramiki ni kinyume chake: hutoa nguvu nyingi na hukaa vizuri hapo hapo AUX. Ukisikia mvumo usiokoma, funga waya wa ethi unaoning’inia nyuma, kisha safisha pini za katriji na plagi. Hewa ya chumvi ya pwani huzila polepole.

Nyongeza ya bure: santuri ndogo nyingi za Afrika Mashariki za miaka ya 1960 ni za mono. Amplifaya yako ikiwa na swichi ya mono, ibonyeze. Muziki wa mono umeandikwa kwa kuyumba kushoto na kulia, ilhali sehemu kubwa ya kelele za vumbi hutoka kwenye mtikisiko wa juu na chini. Swichi hiyo huufuta mtikisiko na kuuacha wimbo.

Santuri za kasi 78 zina sheria zao. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, alirekodi Bombay mwaka 1928, miongo miwili kabla ya santuri ndefu ya vinili kutokea, na rekodi za zama zake ni za shelaki, zenye mfereji mpana. Sindano ya vinili, yenye ncha ya mikroni 18 hivi, huzama mpaka chini na kuchota uchafu tu. Tafuta ya 78, yenye ncha ya mikroni 70 na ushei. Spiriti inayosafisha vinili huyeyusha shelaki, kwa hiyo isiguse kabisa. Tumia maji vuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, lebo isilowe, suuza upesi, kausha kwa kitambaa laini, kisha isimamishe kivulini mpaka ikauke kabisa kabla ya kuirudisha kwenye mfuko wake.